Jinsi ya Kuchagua Madigadi ya Mbele ya Baiskeli ya Mlimani

Mwendeshaji wa baiskeli ya mlimani ambaye amewahi kuteremka njia ya msituni asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha anajua kwamba matope yanayomsumbua zaidi hayatoki nyuma, bali hutoka kwenye gurudumu la mbele na kumwingia machoni. Tairi hurusha maji juu na mbele, na kwa kuwa mwendeshaji naye anakwenda mbele, hukutana na matone hayo yakiwa bado hewani, huku upepo ukiyasukuma kuelekea usoni pake. Yale yanayorushwa na upande wa nyuma wa gurudumu hilo hilo hupiga fremu, pedeli na viatu. Jijini Nairobi, ambako maji ya barabarani msimu wa masika huchanganyika na mafuta ya magari na wakati mwingine na maji taka, jambo hili linahusu afya ya macho na kinywa kabla halijahusu usafi wa nguo.

Wengi wanapokwenda dukani huanza kwa kutazama umbo au ukubwa wa madigadi. Nashauri uanze kwa kufikiria udongo wa njia unazopita mara kwa mara, kwa sababu Nairobi imekaa juu ya udongo wa namna mbili ulio tofauti kabisa. Upande wa kaskazini na magharibi, kuanzia msitu wa Karura hadi Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu. Ukilowa huteleza na kuruka kwa wingi, lakini sehemu kubwa huachana na tairi. Upande wa mashariki na kusini, kama Embakasi, Syokimau na kuelekea Kitengela, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kwenye tairi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ujae kila nafasi uliyoikuta. Madigadi iliyo karibu na tairi, ambayo ingekufaa sana Karura, huko huwa mtego: matope hujibana kati yake na tairi, na gurudumu hukataa kuzunguka. Mimi mwenyewe niliwahi kuibeba baiskeli begani kwa zaidi ya kilomita moja kwa sababu hiyo, na tangu siku hiyo huiondoa madigadi kabisa ninapojua kwamba nitapita kwenye udongo mweusi uliolowa. Ikiwa huwezi kuikwepa njia hiyo, chagua madigadi fupi inayoacha nafasi isiyopungua upana wa kidole gumba juu ya tairi.

Baada ya udongo, tazama foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na hapa nakuomba usiwe na haraka, maana kosa la hapa linaweza kukuangusha. Baiskeli nyingi za mlimani zina foku yenye shokomzoba: miguu ya chini, inayoshika gurudumu, hupanda na kushuka, ilhali shingo ya juu, inayoingia kwenye fremu, hubaki mahali pake. Miguu hiyo ya chini huunganishwa na upinde unaopita juu ya tairi. Madigadi inayofungwa kwenye upinde huo hupanda na kushuka pamoja na gurudumu na hugeuka nalo kwenye kona, kwa hiyo nafasi kati yake na tairi haibadiliki. Madigadi inayofungwa chini ya shingo nayo hugeuka na usukani, lakini haishuki wala haipandi. Ni gurudumu ndilo linaloifuata kila unapogonga shimo, na likiifikia, tairi linaweza kuinasa na kusimama ghafla, nawe ukarushwa mbele.

Kwa hiyo, ukipendelea ile ya shingoni, pima kwanza. Baiskeli ikiwa imesimama bila mtu juu yake, pima kutoka juu ya tairi hadi mahali madigadi itakapokaa, sambamba na miguu ya foku, kisha toa urefu wote ambao foku inaweza kubonyea. Foku nyingi hubonyea milimita 100, 120 au 140, na idadi hiyo hupatikana kwenye maelezo ya baiskeli. Ikiwa umepata milimita 130 na foku yako hubonyea 100, utabakiwa na 30, nafasi inayotosha kwa udongo mwekundu. Ikiwa foku hiyo ingebonyea 120, zingebaki 10 tu, nami nisingeifunga. Kagua pia tundu lililo chini ya shingo, kwa sababu madigadi za aina hii hushikiliwa na plagi inayotanuka ndani yake, na baadhi ya foku mpya zina tundu pana ambalo plagi ya kawaida hailishiki.

Kwa matumizi ya msituni mimi huchagua ile ya kwenye upinde. Mara nyingi ni kipande cha plastiki laini kinachofungwa kwa vile vifungo vya plastiki vyenye meno, na huenea foku nyingi. Foku kadhaa za kampuni za RockShox na Fox za miaka ya karibuni zina matundu ya skrubu nyuma ya upinde, na zina madigadi zake zinazokazwa humo bila vifungo vyovyote. Hizo hukaa imara na hazipigi kelele, lakini madigadi ya foku moja si lazima ikubali matundu ya nyingine, basi nenda dukani na baiskeli yenyewe.

Ukubwa wa gurudumu usome ubavuni mwa tairi. Baiskeli za zamani, zikiwemo nyingi za mtumba, hutumia inchi 26, na mpya huwa na 27.5 au 29. Kwenye alama ya milimita, nambari ya mwisho 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Angalia pia upana wa tairi: madigadi inapaswa kulizidi kidogo kila upande, la sivyo maji yatapita pembeni.

Madigadi fupi ya upinde hukinga uso na zile sehemu nyororo za foku zinazoingia ndani ya miguu ya chini, lakini miguu yako bado italowa. Anayetumia baiskeli ya mlimani kwenda kazini kila siku kwenye lami atafute yenye mkia mrefu unaoshuka nyuma ya gurudumu. Kuna pia kinga inayofungwa chini ya fremu. Hiyo husaidia ukienda moja kwa moja, lakini usukani ukigeuka gurudumu huiacha, na maji hupita.

Kuhusu plastiki, ikunje kidogo kwa mkono kabla ya kulipa: inayorudi umbo lake bila kuacha mstari mweupe itastahimili matawi na mianguko. Vifungo vyeusi huvumilia jua letu kuliko vyeupe, ambavyo hukauka na kukatika. Asiye na uwezo wa kununua anaweza kukata madigadi nzuri kutoka kwenye mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, akiulainisha kwa maji ya moto ili ukubali kupinda.

Wakati wa kufunga, hakikisha kwamba hakuna kifungo kinachobana mrija wa breki, ambao mara nyingi hupita karibu na upinde. Weka vipande vya tyubu kuukuu kati ya madigadi na foku, kwa sababu mchanga unaoingia hapo husugua rangi hadi chuma kionekane. Zungusha gurudumu, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha bonyeza foku kwa uzito wako wote. Baada ya safari ya kwanza yenye matope, pindua baiskeli uitazame madigadi upande wa ndani: ukikuta mstari uliong'arishwa na tairi, legeza vifungo na uiinue kabla hujatoka tena.