Namna ya kuendesha igizo la Philadelphia 1787 katika chama cha historia

Igizo hili la mkutano ulioandika Katiba ya Marekani, mjini Philadelphia mwaka 1787, linataka wanafunzi 33, ubao, karatasi za manila na asubuhi moja ya Jumamosi. Walezi wa vyama vya historia Kisumu waanze saa mbili kamili: milango itafungwa, na ikikaribia saa sita darasa la mabati halikaliki. Lengo ni mwanafunzi aone kwamba Katiba ya Marekani ilizaliwa na hesabu ya kura, na kwamba vyama vya siasa vilikuja baadaye, vikichochewa na hesabu ya madeni.

Gawa majimbo kumi, si kumi na matatu. Walezi wengi hukosea hapo, kisha hushangaa matokeo yakienda kombo. Kura kubwa, ya kuamua majimbo yawakilishwe vipi bungeni, ilipigwa Julai 16, 1787. Siku hiyo Rhode Island ilikuwa imekataa kabisa kutuma wajumbe, wajumbe wa New Hampshire walikuwa hawajafika, na wawili wa New York walikuwa wameondoka kwa hasira. Massachusetts ipewe wajumbe wanne, majimbo mengine tisa watatu watatu. Hao ni 31. Ongeza mwenyekiti anayeshika nafasi ya George Washington na karani wa kuandika ubaoni. Wajumbe wa Massachusetts ni wanne makusudi: kweli waligawanyika wawili kwa wawili, kura ya jimbo ikapotea. Ukiwapa watatu, mgawanyiko huo hautatokea.

Kila jimbo lina kura moja, na wajumbe wake wanashauriana kwa kunong'ona kabla ya kujibu. Simu zikusanywe mlangoni, kwa kuwa mkutano ule uliapa kutunza siri na kuweka walinzi. Mpe kila ujumbe kadi yenye idadi ya viti ambavyo jimbo lao lingepata watu wakihesabiwa: Virginia 10, Pennsylvania na Massachusetts 8 kila moja, Maryland 6, Connecticut, North Carolina na South Carolina 5 kila moja, New Jersey 4, Georgia 3, Delaware 1.

Wanafunzi wakiuliza kwa nini Delaware inapiga kelele, waonyeshe Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 Kakamega na 143,920 Lamu, kama mara kumi na tatu. Hata hivyo, kwa Kifungu cha 123 cha Katiba yetu, mswada unaohusu kaunti ukipigiwa kura katika Seneti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu. Ugomvi ni uleule. Virginia ilitaka mabunge yote mawili yafuate idadi ya watu; New Jersey ilitaka kila jimbo liwe sawa.

Ruhusu mjadala dakika arobaini, kisha karani asome hoja: bunge la chini kwa idadi ya watu, Seneti kura sawa kwa kila jimbo, miswada ya fedha ianzie bunge la chini. Aite majimbo kutoka kaskazini kwenda kusini, kuanzia Massachusetts hadi Georgia, kama walivyofanya wao. Matokeo halisi yalikuwa 5 kwa 4, jimbo moja likiwa limegawanyika. Connecticut, New Jersey, Delaware, Maryland na North Carolina zilikubali. Pennsylvania, Virginia, South Carolina na Georgia zikakataa. Usiwalazimishe wanafunzi kufika hapo. Wakipata 5 kwa 5 hoja imeanguka, na wajadiliane upya.

Suala la watumwa lisirukwe, wala lisiigizwe. Lifanye kwa hesabu ubaoni. Sensa ya 1790 iliikuta South Carolina na watu 249,073, na 107,094 kati yao walikuwa watumwa. Katiba iliwahesabu watumwa kwa tatu ya tano tu wakati wa kugawa viti: chukua tatu ya tano ya hao, jumlisha na waliobaki, unapata 206,235. Waulize darasa nani alifaidi viti vilivyotokana na watu wasioruhusiwa kupiga kura. Waonyeshe pia kwamba waandishi walikwepa neno lenyewe, wakaandika "watu wengine wote".

Uidhinishaji wa Katiba na majimbo usichukue zaidi ya dakika kumi. Majimbo tisa yalitosha, New Hampshire ikawa ya tisa Juni 21, 1788, na marekebisho kumi ya haki yakakamilika Desemba 1791.

Kuwa mkali katika jambo moja: mwanafunzi asijiite mfuasi wa chama kwenye mkutano wa 1787. Vyama havikuwepo. Ndiyo maana deni linahitaji kipindi chake. Wape wanafunzi watano hati za deni la serikali za dola 100, wawe askari wa vita vya uhuru ambao hawajalipwa, na wafanyabiashara wawili wenye pesa za karatasi. Askari wana njaa. Watauza kwa 20. Kisha tangaza mpango wa Alexander Hamilton, waziri wa fedha: serikali italipa hati kwa thamani yake yote, kwa yeyote anayezishika sasa. James Madison, mbunge wa Virginia, alitaka mwenye hati wa kwanza naye apate fungu, akashindwa. Kelele zitakazozuka darasani ndizo mbegu za vyama viwili vya kwanza: Wafederalisti wa Hamilton na Warepublikani wa Thomas Jefferson. Hawa wa Jefferson si chama cha Republican cha leo, kilichoundwa 1854.

Malizia na uchaguzi wa 1800. Wapiga kura 17 wawe wa Jefferson na mwenzake Aaron Burr, 14 wa John Adams, rais Mfederalisti aliyekuwa madarakani, na mwenzake Pinckney, kila mmoja na karatasi mbili zisizosema ipi ya rais na ipi ya makamu. Mnong'oneze mfuasi mmoja wa Adams aandike John Jay badala ya Pinckney, ili Adams atangulie. Upande wa pili usiwaambie lolote: Jefferson na Burr watatoka sare, kama walivyotoka 73 kwa 73. Sare iliamuliwa na bunge la chini, kila jimbo likiwa na kura moja. Sasa wapange kwa majimbo 16, wawili wawili, Delaware mmoja. Vermont na Maryland zigawanyike. Jefferson anapata 8, Burr 6, na zinahitajika 9. Bunge lilirudia mara 36, hadi Februari 17, 1801, Wafederalisti wa Vermont na Maryland walipoacha kupiga kura na Jefferson akafika 10. Rudieni mara tano tu, kisha gawa karatasi mpya zilizoandikwa RAIS na MAKAMU, kama Marekebisho ya 12 ya Katiba yalivyoagiza 1804, mpige kura mara moja.