Ukipewa kazi ya kuandika wasifu wa mzee wenu

Siku ya pili ya msiba, kamati ikishagawana kazi, huyu jeneza, yule turubai na viti, wale chakula, mtu atakugeukia na kusema, "Wewe umesoma, utatuandikia wasifu." Kukataa huwezi. Mimi nimefundisha shule ya msingi hapa Makambako mpaka nikastaafu, kwa hiyo kazi hii huniangukia mara kwa mara, usharikani na mtaani, hata kwa wafiwa ambao sijawahi kunywa nao chai. Naandika hapa kuhusu marehemu wa aina moja, maana ndiye ninayeombwa kumwandikia zaidi na ndiye anayeharibiwa zaidi: baba wa familia wa mji mdogo, mchapakazi, mzee wa kanisa, mtu wa watu. Wasifu wake ukiandikwa kwa mazoea, badilisha jina tu na unaweza kumsomea jirani yake.

Nitamtumia mzee mmoja fundi wa kuchomelea. Jina nalihifadhi, watoto wake wapo na wanasoma simu. Vijana waliniletea karatasi waliyokwisha kuandika: alizaliwa, alisoma, alioa, alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda maendeleo. Nikawauliza, alimkirimu nani? Wakatazamana. Si kwamba hawakumpenda baba yao. Wao waliishi naye ndani, na ukarimu wake aliufanyia nje.

Kwa hiyo usianzie nyumbani, anzia kazini kwake. Nilikwenda karakana nikamkuta kijana aliyejifunza ufundi kwake, amekaa juu ya chuma chakavu, grenda imezimwa. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba mvua za kwanza zikinyesha mzee alichomelea majembe bure. Ukija na geti, unalipa. Ukija na jembe lililokatika msimu wa kupanda, unaambiwa weka pale, pitia jioni. Akaniambia pia kwamba umeme ukikatika mchana kutwa, mzee alifanya kazi usiku ukirudi, na majirani walimnung'unikia kwa makelele. Nikaandika yote mawili. Neno "mchapakazi" nikalifuta, halikuwa na kazi tena.

Ukitoka hapo nenda kanisani, lakini usimtafute mchungaji kwanza. Wachungaji wetu huhamishwa. Wa sasa huenda alimfahamu marehemu miaka miwili tu. Mtafute mhazini wa zamani, mama wa kwaya, mlinzi wa kanisa. Waulize kuhusu siku ya mavuno, kwa sababu kwenye mnada wa mavuno tabia ya mtu huonekana wazi. Fundi wetu, nikaambiwa, alikuwa ananunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha anamrudisha mezani auzwe tena. Wengi hufanya hivyo mara moja, wakiwa na fedha ya mazao mkononi. Yeye alifanya hivyo kila mwaka, hata mwaka ambao karakana ilikuwa haina kazi. Hapo umepata sentensi mbili zinazotosha kuwa mahubiri.

Mjane usimwache, ila chagua saa. Mchana amekaa ndani kwenye godoro, amezungukwa na akina mama, na kila anayeingia anaanza kilio upya. Kama wewe ni mwanamume, mwombe shangazi au wifi yake akusaidie. Kama ni mwanamke, kaa naye baada ya sala ya jioni, watu wakipungua. Mpe pole, kaa kimya kidogo, kisha uliza mambo madogo. Alikuwa akirudi saa ngapi? Alipenda kula nini? Nini kilimkasirisha? Usimuulize "Mumeo alikuwa mtu wa namna gani?" Atakujibu "mtu mzuri" na machozi yataanza. Huyu mama niliyemuuliza habari ya hasira alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akasema mumewe alikuwa hawezi kuvumilia kuchelewa: ibada ya saa moja, yeye yupo kwenye benchi saa kumi na mbili na nusu, na watoto wote wameshavaa viatu.

Sasa tarehe, ambazo ndizo zitakazokusumbua. Mzee wa rika hilo anaweza kuwa na miaka mitatu ya kuzaliwa: mmoja kwenye kitambulisho cha taifa, mwingine kwenye cheti cha ubatizo, na wa tatu kichwani mwa dada yake mkubwa. Mimi hupendelea cheti cha ubatizo kikiwepo, kwa sababu kiliandikwa karibu na tukio. Kwa Walutheri, kumbuka kwamba KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliundwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana, kwa hiyo cheti cha kabla ya hapo kitakuwa na jina jingine la kanisa juu yake. Usidhani kimeghushiwa. Kama hakuna karatasi kabisa, usiwaulize wazee mwaka, waulize matukio. Alioa kabla au baada ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine? Hiyo ni Aprili 1984, na kila mtu wa rika lile anakumbuka alikuwa wapi. Alihamia wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa? Basi ni katikati ya miaka ya 1970. Alikwenda vita vya Kagera? 1978 hadi 1979. Fundi wetu alifika Makambako kama kibarua wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na dada yake alikumbuka kwamba aliondoka nyumbani "mavuno ya kwanza baada ya Wachina kufika". Inatosha kuandika "mwanzoni mwa miaka ya 1970". Kuandika tarehe 14 ya mwezi fulani ili ionekane umefanya utafiti ni uongo, na utausoma mbele ya jeneza.

Vyeo vipitie haraka. Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana: kila kimoja sentensi moja, na afadhali sentensi hiyo iwe na kitu kinachoshikika. "Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule" hakimwambii mtu lolote. "Fremu za madawati ya darasa la tatu ni kazi ya mikono yake" kila aliyekaa pale chini ya turubai ataelewa, na baadhi walikalia madawati hayo.

Kuna mambo yatakayokupa joto. La kwanza ni orodha ya watoto. Mara nyingi yupo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na usiku wa kuamkia mazishi mtu atakuvuta pembeni akuombe umruke. Usiamue wewe. Peleka suala kwa kaka wa marehemu na mjane, wakubaliane, kisha andika walichokubaliana. Lakini waambie wazi kwamba baada ya mazishi kutakuwa na kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na jina lililorukwa hadharani litarudi pale na hasira. Mimi nimeona mara nyingi wajomba wakali wakilainika kwa hoja hiyo moja.

La pili ni madeni. Fundi wetu aliacha daftari lenye majina ya watu waliochukua mageti bila kumaliza kulipa, na mwanawe mmoja alitaka lisomwe. Hapana. Kwenye matangazo familia itasema kama kawaida: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Daftari libaki ndani.

La tatu ni maisha ya kabla ya wokovu. Huyu mzee alikuwa mnywaji mkubwa wa ulanzi, pombe ya mianzi, ujanani, na familia ilitaka nifute. Kanuni yangu ni hii: alilolisema mwenyewe hadharani, liseme, alilolificha, lifiche. Yeye alilishuhudia kanisani mara nyingi, tena kwa vichekesho, kwa hiyo likabaki. Ugonjwa nao utaje tu kama mjane ameruhusu. Akisita, "aliugua kwa muda" inatosha, na wala usigeuze wasifu kuwa mahali pa kuwasema waliomtibu.

Mwishoni watu hupachika 2 Timotheo 4:7, nimevipiga vita vilivyo vizuri. Ni mstari mzuri, lakini umesomwa kwa walevi na kwa watakatifu. Omba Biblia ya marehemu, uifungue. Mistari aliyoipigia wino ipo, na pengine kuna bahasha ya sadaka imewekwa kama alama ya ukurasa. Tumia mmoja wa mistari hiyo.

Urefu: ukurasa mmoja na nusu uliochapwa, dakika sita hivi. Baada yako kuna salamu za usharika, za serikali ya mtaa, za mafundi wenzake, na jua au mvua havisubiri. Chapa kwa herufi kubwa, toa nakala tatu: ya msomaji, ya akiba, na ya mchungaji, ambaye umpe jioni ya kabla ili mahubiri yake yasigongane na ulichoandika. Msomaji asiwe mtoto mkubwa wa marehemu, hata akisisitiza kwamba ataweza. Mpwa au mkwe mwenye sauti anafaa zaidi. Asome mara moja kwa sauti mbele yako, hasa majina ya wajukuu, maana siku hizi majina yao yana herufi ambazo sisi hatukufundisha.

Baada ya maziko watu watakuja kukusahihisha: si Njombe, ni Ilembula, si mtoto wa tatu, ni wa nne. Andika pembeni ya nakala yako, na jina la aliyekuambia. Siku ya kuanua matanga, ukoo wote ukiwa bado umekaa pamoja, soma masahihisho hayo mbele yao, kisha chapa upya. Nakala moja ibaki nyumbani na vyeti vyake, nyingine ofisi ya usharika. Na familia ikianza kujenga kaburi, mpelekee fundi wa marumaru jina na tarehe kwa maandishi, usimtajie kwa simu.