Jina la mtoto: waachieni bibi wawili walisome

Kwa mnaosubiri mtoto, upande mmoja Waingereza, mwingine Waarabu: kabla hamjakubaliana jina, mwandikieni bibi wa kila upande, huyu kwa herufi za Kilatini, yule kwa Kiarabu, na mwombe kila mmoja alisome kwa ujumbe wa sauti. Msimtamkie kwanza, mkimtamkia atawaigiza tu, na jaribio limekwisha. Kiarabu fasaha hakina p wala v, hivyo Poppy huishia Bobi. Kiingereza nacho hakina ‘ain, sauti ya kooni ya Kiarabu, wala ile h nzito ya Muhammad. Kwa hiyo Adam, Sara, Lina, Hana na Sami hupita kote karibu bila mkwaruzo, Khadija hugeuka Kadija, na Faten, jina zuri tu la Kiarabu, Mwingereza atalisoma kama “fatten”, yaani kunenepesha.

Jaribio hili halisaidii kwenye tahajia. Layla, Leila na Laila husikika karibu sawa, lakini kwenye pasipoti ni watu watatu. Chagueni moja mapema, na hiyohiyo muipeleke ubalozini. Uingereza hutoa siku 42 za kusajili mtoto (Scotland ni 21), kwa hiyo muda wa kuulizana upo. Wala jaribio halisaidii pale babu anapotaka jina la marehemu baba yake. Hapo mtafute jina la pili, maana cheti cha Uingereza kinaruhusu zaidi ya moja.