Namna ya Kulinda Matumaini na Huruma Dunia Inapochafuka: Mwongozo kwa Watu wa Kigoma

Mkoa wa Kigoma haujawahi kuzisikia vita za majirani kama hadithi ya mbali. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, watu wa Burundi walivuka mpaka wakiwa na watoto migongoni. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walijaa tena katika fukwe zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari na mji wa Bukavu ukafuata mwezi Februari, kila mwenye ndugu, mteja au mdeni ng'ambo ya ziwa alikuwa na namba ya simu anayoipiga bila kupokelewa. Juu ya hayo, simu hizo hizo hutuletea Sudan, Gaza na Ukraine kabla hata uji haujachemka.

Anayeishi katika hali hiyo kwa miaka mingi huelekea upande mmoja kati ya mbili: ama huumia mpaka haoni tena la kufanya, ama moyo hukauka, akasikia watu wamezama ziwani na kuuliza tu bei ya dagaa. Kwa maoni yangu chanzo ni kimoja, yaani kusikia mengi bila kuwa na la kufanya. Huruma isiyopewa kazi humgeukia mwenyewe, na mwongozo huu unahusu namna ya kuipa kazi inayolingana na uwezo wa mtu wa kawaida.

Punguza saa za kusikiliza, usipunguze kujali

Baada ya mabomu kulipuliwa katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwezi Aprili 2013, watafiti waliwahoji maelfu ya Wamarekani kuhusu hali yao ya akili. Waliofuatilia habari za tukio lile kwa saa 6 au zaidi kwa siku, katika juma lililofuata, walieleza msongo mkali kuliko hata watu waliokuwa pale milipuko ilipotokea au karibu nao. Anayedhani kwamba kukesha na simu ni njia ya kuwa pamoja na wanaoteseka na atafakari hilo, kwa sababu wanaoteseka hawapati chochote kutokana na kukesha kwake.

Chagua nyakati mbili kwa siku. Taarifa ya habari ya asubuhi na ile ya saa mbili usiku zinamtosha mtu ambaye si mwandishi wa habari wala ofisa wa uhamiaji. Baada ya ile ya usiku zungumza na watu wa nyumbani juu ya jambo jingine kabla ya kulala, na simu ibaki sebuleni. Makundi ya WhatsApp yanayomwaga picha za maiti yazimie sauti. Ukitoka kabisa huenda ukakosa taarifa ya msiba wa jirani, na hapa kwetu hilo ni kosa kubwa.

Ikija video inayosemekana kuwa ya boti iliyozama jana Ziwa Tanganyika, jiulize maswali matatu kabla ya kuisambaza: nani ameliona jambo hili kwa macho yake, ni wapi hasa, na ni lini. Sikiliza lugha wanayoongea watu walio ndani ya video, tazama umbo la vyombo na milima iliyo nyuma. Video nyingi za namna hiyo ni za bahari nyingine na za miaka iliyopita. Hata ikiwa ya kweli, sura ya marehemu haisambazwi, kwa sababu mama yake anaweza kuwa Kibirizi akisubiri habari, naye anastahili kuambiwa na mtu aliyekaa kando yake.

Mchague mmoja

Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila anayechangisha fedha angepaswa kulijua. Baadhi ya watu waliombwa kumsaidia Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali. Wengine walipewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa barani Afrika. Aliyeonyeshwa Rokia peke yake alitoa zaidi. La kushangaza ni kwamba takwimu zilipowekwa pamoja na habari za Rokia, michango kwa ajili yake ilipungua. Idadi kubwa huupoza moyo wa binadamu, na si kwa sababu mtu ni mbaya. Moyo hauna kipimo cha kubebea watu milioni.

Basi usiutie moyo wako katika jaribio la kubeba Kongo nzima. Chagua mtu mmoja au kaya moja ambayo unaweza kuifikia kwa miguu, kwa bodaboda au kwa simu: mama aliyepoteza mtaji wa vitenge alipokimbia Uvira, mwanafunzi wa jirani ambaye baba yake hajarudi kutoka ng'ambo, au mzee wa hapa hapa Mwanga ambaye hakukimbia popote lakini hana wa kumchotea maji. Jifunze majina ya watoto wao, na jua siku gani chakula hupungua.

Kaa karibu bila kuzama

Kuna tofauti kati ya kuumia na mwenzako na kumhurumia. Watafiti Olga Klimecki na Tania Singer waliwafundisha watu kwanza kuhisi maumivu ya wengine kama yao, na hisia nzito zikaongezeka. Kisha wakawafundisha watu wale wale kumtakia mwenye maumivu heri na nafuu, na hisia njema zikarudi ingawa mateso waliyoyatazama hayakupungua. Ndiyo maana muuguzi mzuri halii na kila mgonjwa, na hakuna anayemwita katili kwa hilo.

Kabla ya kwenda kwa mtu mwenye msiba au aliyetoka vitani, simama kidogo mlangoni mwako. Mwenye dua aombe dua, mwenye sala asali, na asiye na moja wala nyingine aseme moyoni, "Na apate nafuu leo." Kisha nenda na kitu mkononi. Kilo ya unga wa muhogo, chupa ya mawese au fungu la dagaa huondoa ule ugumu wa kuanza maneno, kwa sababu mwenyeji atapokea, atashukuru, na mazungumzo yatakuwa yameanza.

Ukifika, salimu kama unavyomsalimu mtu yeyote. Waha wanayo bahati kwamba Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo Mrundi aliyefika jana anaweza kuamkiwa kwa lugha inayokaribia ya kwao. Mazungumzo yenyewe yawe mafupi na ya mambo yanayoshikika:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu."
"Mmekula leo?"
"Watoto wamekula."
"Na wewe, mama?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu mama atajibu kwa ajili ya watoto na kujisahau. Baada ya chakula uliza kama yuko mtu anayetaka kumpigia simu, na kama vocha ipo. Usimuulize aliona nini njiani. Akitaka kusimulia atasimulia, pengine baada ya miezi, nawe utasikiliza bila kumkatiza kwa kisa cha shangazi yako. Usimwambie kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Hilo ni lake kulisema, nawe uitikie.

Tunza matumaini kwa kuyawekea lengo na njia

Mwanasaikolojia Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliyechunguza matumaini kwa miaka mingi, aliyaeleza kuwa na nguzo tatu: lengo linaloeleweka, njia zaidi ya moja za kulifikia, na imani kwamba wewe unaweza kuanza kuipita mojawapo. Maelezo hayo nayapenda kwa sababu hayamdai mtu afurahi. Unaweza kuwa na huzuni tele na bado ukawa na matumaini, mradi una la kufanya Jumamosi.

Kagunga ya mwezi Mei 2015 inatoa mfano mzuri. Makumi ya maelfu ya Warundi walibanwa katika kijiji kile kidogo kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikazuka, na njia ya kutegemewa ya kuwatoa ilikuwa ya maji. Hakuna mtu wa Kagunga aliyekuwa na uwezo wa kutuliza siasa za Bujumbura. Lakini meli ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliishusha majini hapa Kigoma mwaka 1915 ikawa chombo cha vita, ilisimama mbali kidogo na ufuko, na boti ndogo zikawa zinasogeza watu hadi ubavuni mwake, kundi baada ya kundi, ili wasafirishwe mpaka mjini. Kila aliyeshika usukani wa boti alikuwa na lengo moja lenye mwisho: kuwatoa watu hawa ufukweni, kuwafikisha melini, kurudi.

Tafuta kazi ya namna hiyo, yenye mwisho unaoonekana, na ujue stadi moja inayookoa. Kwa mfano, kila mtu mzima wa pwani hii anafaa kujua kutengeneza maji ya kumpa anayeharisha wakati pakiti za dawa hazijapatikana: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, hata ile ya Uvinza ikisagwa vizuri. Usizidishe chumvi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku safari ya kwenda kituo cha afya ikipangwa. Kadhalika, anapofika mgeni aliyekimbia vita, msaada wa kwanza ni maji, chakula na mahali pa kukaa, kisha kumfikisha kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ili aandikishwe, kwa kuwa kumficha kwa nia njema humkosesha huduma na kumweka hatarini.

Kazi hizi zisifanywe na mtu mmoja. Majirani saba au wanane wanatosha kuanzisha mfuko wa dharura kwa utaratibu ule ule wa vikundi vya kuzikana: kiasi kidogo kila juma, daftari moja, mweka hazina mmoja na mkaguzi asiye ndugu yake. Kutoa ni moyo, lakini fedha isiyoandikwa huvunja moyo. Katika vijiji vya wavuvi mkutano uwekwe siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa, mitumbwi imetulia mwaloni na wanaume wapo wanashona nyavu. Ukiuweka siku za giza watakuja akina mama peke yao, na mzigo wote utawaangukia wao, kama kawaida.

Usione haya kuhusu kinyongo

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu miongozo mingi huruka jambo hili. Mwenyeji naye ni maskini. Kuni zimekuwa mbali, vibarua wa shamba wamekuwa wengi na ujira umeshuka, na zipo nyakati ambapo mtoto wa kijijini ameona malori ya mahindi yakipita kuelekea kambini wakati kwao wanapika mara moja kwa siku. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, zilikuwapo nyumba ambazo hazikuwa na cha kumgawia mtu. Anayehisi kinyongo katika hali hiyo hajawa mtu mbaya, na kumhubiria kutamfanya akifiche tu.

Kinyongo kisemwe kikaoni, mbele ya wenyeji na wageni pamoja, kikiwa na sura ya jambo la kurekebishwa: nani anakata miti wapi, kibarua alipwe kiasi gani, kisima kifunguliwe saa ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wageni wengi niliozungumza nao wanalitaka hilo jembe kuliko huruma ya kutazamwa. Pale sheria inaporuhusu, kulima pamoja, kushona pamoja au kuuza pamoja hupunguza chuki haraka kuliko hotuba. Usiwe pia mkarimu kwa wageni huku mzazi wako akikopa dawa. Watu wa nyumbani wamo katika hesabu ya huruma.

Watoto, na wewe mwenyewe

Watoto wanasikia zaidi ya tunavyodhani. Mwambie mtoto ukweli mfupi unaolingana na umri wake, kwamba kuna vita ng'ambo, watu wazima wanasaidia, na hapa usiku huu yuko salama; kisha mpe kazi ndogo, kama kupeleka bakuli kwa jirani.

Wanaosaidia wapeane zamu, na aliye mapumzikoni asipigiwe simu. Akionekana mtu, awe mkimbizi au mwenyeji, ambaye kwa majuma mawili mfululizo halali usingizi, hali chakula, hapendezwi na lolote na anajiona hana thamani, huenda hiyo si huzuni ya kawaida tena bali sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Aende kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na mtu wa kumsindikiza awepo. Akitamka kwamba anataka kujiua, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe kwa jirani, na apelekwe siku hiyo hiyo, hata ikibidi mfuko wa kikundi ulipie bodaboda.