SOMO: Mianzi isibunguliwe (soma kabla ya kuuliza)

Nimechoka kuulizwa kwa nini banda linamwaga unga. Unga ule ni wa wadudu, na wadudu wanafuata wanga.

1. Kata mianzi ya miaka 3 hadi 5, mvua zikishapita. Michanga ina wanga na maji mengi, ikikauka hunywea.

2. Kata juu tu ya fundo la chini, kisiki kisituamishe maji.

3. KULOWEKA. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Toboa mafundo yote kwa ndani kwa nondo ndefu iliyochongwa ncha. Yote! Mafundo mawili yakibaki, pingili zilizo kati yake hazipati dawa, na huwezi kujua kwa kutazama nje. Dawa: kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwa lita 100 za maji, anza na maji ya moto ziyeyuke. Ingiza mianzi ikiwa imeinama ili hewa itoke, kisha igandamize kwa mawe, maana huelea. Siku 7 hadi 14. Vaa glavu; watoto na mifugo wasisogee.

4. Kausha kivulini. Jua kali huipasua.

5. Nguzo zikae juu ya zege, zisiguse udongo, na paa liwe na upenu mrefu. Mvua huosha dawa hii.

6. Msumari hupasua. Toboa kwa drili, funga bolti karibu na fundo.

MASWALI

– Mkuu, nina haraka, hatua ya 3 ni lazima?
Si lazima. Unga ukianza usinitafute.

– Nikipaka vanishi tu?
Hatua ya 3. Vanishi inabaki nje.

– Kwa nini dawa isipenye ganda lenyewe?
Swali zuri, ndugu. Ganda lina nta na silika (madini kama ya mchanga), halipitishi maji. Kati ya fundo na fundo, mirija ya mwanzi yote inakwenda kwa urefu, haina ya kwenda pembeni kama ya mbao. Kwa hiyo dawa inaingilia kwenye ncha na ukuta wa ndani.

– Mimi hujaza saruji na mchanga kwenye pingili yenye bolti.
Safi, bolti haipondi ukuta. Jaza hiyo tu, mwanzi mzima utakuwa mzito bure.

– Dawa iliyobaki nimwage bustanini?
Hapana! Boroni iliyomo kwenye dawa hii ikizidi huua mimea. Ichuje, uifunike, ulowekee mzigo unaofuata.