Saini baada ya kumeza: dawa za moyo wodini

Bibi mmoja wa Newala, moyo umechoka na miguu imejaa maji, alipewa digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu, mara mbili ndani ya siku moja. Mara ya kwanza nilimpa mimi. Kwenye karatasi ya dawa paliandikwa "8" tu. Niliielewa kuwa saa mbili asubuhi, nikampa, kisha nikaitwa kitanda kingine kabla sijaweka saini. Mwenzangu wa zamu ya mchana akakuta nafasi tupu, akaisoma ile "8" kuwa saa nane, akampa tena. Kesho yake mapigo yalikuwa 48 na uji haukushuka. Dawa ikasimamishwa, daktari akaitwa, na Mungu akatusaidia, bibi akatengemaa. Hiyo ilikuwa hospitali niliyoanzia kazi. Leo niko Mtwara, na kila muuguzi mpya ninayempokea wodini namfundisha haya.

Andika 08:00 au 14:00, siku zote. Sisi tunataja saa kwa Kiswahili, fomu zimepangwa kwa saa za Kizungu, kwa hiyo namba iliyo peke yake ina maana mbili. Kipimo nacho kiandikwe kwa miligramu. Digoksini ina vidonge vya 0.25 na vya 0.125, basi "kidonge kimoja" hakimwambii mtu kitu. Sifuri ya mbele usiiache, maana nukta ikififia, .25 inageuka 25.

Kabla ya digoksini, weka stetoskopu kifuani, chini ya ziwa la kushoto, uhesabu dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne: moyo unaorukaruka utakudanganya, na mapigo ya mkononi mara nyingi huwa machache kuliko ya kifuani. Mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60, usimpe. Mwite daktari na uandike namba uliyoipata. Muulize pia kama ana kichefuchefu, au kama anaona vitu vina rangi ya njano. Mzee anayetumia na furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, muulize zaidi, kwa sababu dawa hiyo hutoa potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka, digoksini huwa kali mwilini.

Furosemidi bila uzito ni kubahatisha. Mpime asubuhi akishakojoa, kabla ya uji, mizani ileile, nguo nyepesi. Vidonge apewe mapema, asije akahangaika na choo usiku. Mkojo upimwe kwa jagi, na anayemuuguza nimemzoesha kwa maneno haya: "Mama, usimwage mpaka niandike."

Huyo mama pia ndiye anayejua mgonjwa amekula nini. Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa, ina chumvi nyingi, na chumvi huyarudisha maji tuliyoyatoa. Madafu yana potasiamu nyingi, na mgonjwa anayetumia enalaprili au spironolaktoni, dawa za moyo zinazobakiza potasiamu mwilini, potasiamu yake inaweza kupanda hadi ikavuruga mapigo. Uliza kwa upole, bila kugomba. Ukigomba, kesho vitaingia vimefichwa kwenye kapu.

Enalaprili na karvediloli ni dawa za moyo zinazoshusha presha, kwa hiyo presha kwanza. Namba ya juu ikiwa chini ya 90, mimi dawa naishika na kumwita daktari.

Saini huwekwa mgonjwa akishameza, ukiwa umesimama pale pale. Nimewahi kukuta vidonge vya siku tatu vimefungwa kwenye pindo la khanga, na karatasi ina saini zote. Dawa isipotolewa, andika sababu: amekataa, ameenda kupimwa, stoo imeisha. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika tarehe, weka saini, usifute.

Makabidhiano tunayafanya kitandani, karatasi ya dawa mkononi, anayeingia akisoma na anayetoka akisikiliza. Nafasi tupu ikionekana, anayetoka haendi nyumbani mpaka ijulikane kama mgonjwa alimeza.