Taa za tangi la matumbawe: panga kwa saa unazokuwa nyumbani

Ukiwasha taa za tangi la matumbawe, yaani tangi la kioo la kufugia matumbawe hai na samaki, asubuhi unapotoka kwenda kazini, ukirudi jioni tangi liko karibu kulala na hujafaidi kitu. Matumbawe hayajali saa ya ukutani, yanachotaka ni ratiba isiyoyumba. Ratiba yangu huanza saa saba mchana kwa mwanga wa buluu peke yake, saa tisa nyeupe inaingia kwa nguvu kamili hadi saa mbili usiku, kisha inabaki buluu mpaka saa nne. Baada ya hapo ni giza totoro, maana hata samaki wanalala.

Najua utasema baharini kwetu jua huwaka kwa muda wa saa 12 kwa siku. Kweli, lakini linakuwa kali kwa saa chache tu za katikati. Ukishikilia mwanga mkali kutwa nzima, utakayemlisha ni mwani wa kwenye kioo.

Umenunua taa mpya ya LED? Anza na nusu ya nguvu, uongeze kidogo kidogo kila wiki kwa mwezi hivi. Mwanga mkali wa ghafla huyafanya matumbawe yatoe vile vijimwani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, ndipo yanapauka. Ukiona rangi inafifia, punguza ukali wa mwanga kwanza, idadi ya saa za kuwasha utaipunguza baadaye.

Halafu taima ya kuzungusha kwa mkono, kile kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa ulizopanga: umeme ukikatika nayo inasimama. Mimi nilikaa siku tatu nikishangaa kwa nini tangi linawaka usiku wa manane.